Kwa nini tunawapenda makabaila wa vitabuni?

Najua wengi wenu hupita hapa kutafuta habari za bungeni na za bei ya mafuta. Leo mtanisamehe, hayo naweka pembeni. Leo nataka tuongee kuhusu riwaya za mapenzi.

Subirini kwanza, msikimbie! Sizungumzii riwaya zote za mapenzi, maana hizo ni bahari. Nazungumzia aina moja tu, ambayo nimekuwa nikiisoma tangu niko sekondari na sioni dalili ya kuacha. Ni zile ambazo mmoja wa wapenzi ni kabaila: lodi, duke, mwanamfalme, mtu mwenye nyumba ya vyumba mia na jina refu kama treni ya TAZARA. Hadithi yenyewe haitokei zamani za farasi na mishumaa, inatokea zama za simu na ndege. Na inakwenda taratibu. Taratibu mno! Unafika ukurasa wa mia mbili na hawa watu wawili hawajashikana hata mkono, na wewe msomaji umeshatafuna kucha zote kumi.

Mimi nayaita mapenzi ya makaa. Kuna mapenzi ya mafuta ya taa, yanawaka puu, yananuka, yanazimika. Na kuna haya ya makaa, kama wali unavyopaliwa: sufuria imetulia, makaa yako juu ya mfuniko, ukitazama kwa mbali unadhani hakuna kinachoendelea. Lakini harufu inakuja kidogo kidogo, na mtoto aliyekaa karibu na jiko anajua kabisa kinachoendelea.

Sasa, kusoma vitabu hivi ukiwa mwandishi wa habari ni kujitafutia maneno. Mhariri mmoja (simtaji, ana familia) alikiona kitabu changu mezani, kina picha ya jumba na mwanamke wa gauni refu, akasema kwa sauti ya kusikika chumba kizima: "Kumbe huku ndiko unakotoa habari zako!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Hilo halikuniuma. Lililoniingia ni la mzee mmoja wa meza ya jirani, msoma prufu wa siku nyingi, ambaye hakucheka. Alisubiri watu watawanyike, akaniambia polepole: "Mwanangu, nchi hii tuliukataa ukabaila. Wewe unaulipia?"

Hilo ni swali la haki. Wadogo zangu mnaosoma hapa huenda hamjui, lakini neno kabaila katika nchi hii lilikuwa tusi la kisiasa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimtaka kiongozi awe mkulima au mfanyakazi, na asijihusishe na mambo ya kibepari wala ya kikabaila. Miaka minne kabla ya hapo, mwaka 1963, Tanganyika ilikuwa imeshafuta mamlaka ya machifu. Kwa hiyo mzee wangu hakuwa anatania. Alikuwa anauliza kwa nini binti wa nchi iliyowafuta makabaila kwa sheria anatoa nauli yake kununua kabaila wa Kiingereza, tena wa mtumba, na kurasa mbili zimechanika.

Nimelifikiria swali lile kwa muda mrefu. Leo najibu.

Kwanza tuliondoe jibu la haraka, lile la pesa. Watu husema wasichana wanapenda makabaila wa vitabuni kwa sababu ni matajiri. Si kweli. Kama ni pesa tu, riwaya za mabilionea wenye ndege zao zimejaa tele. Ninazijua, nimezisoma, nimezisahau. Bilionea akimpenda mtu ukurasa wa kumi, ukurasa wa kumi na tano keshainunua kampuni anayofanyia kazi yule dada. Hakuna kinachomzuia, na pasipo kizuizi hakuna makaa. Kabaila ni habari nyingine. Alicho nacho hakukichuma, na hawezi kukitua kirahisi. Jina alipewa, nyumba alipewa, picha za mababu ukutani zinamtazama akinywa chai. Ana kila kitu isipokuwa nafasi ya kuwa mtu wa kawaida.

Na kabaila wa zama hizi ana jambo jingine linalomfaa sana mwandishi wa riwaya: cheo kimebaki, nguvu zimekwisha. Hebu tuangalie Uingereza kwenyewe. Mwaka 1894 serikali yao ilianzisha kodi kwenye mali anazoacha marehemu, na kodi hiyo ikapanda, ikapanda. Duke wa 10 wa Devonshire alipofariki mwaka 1950, familia yake ilitozwa asilimia 80 ya thamani ya mali. Asilimia themanini jamani! Waliuza ardhi, wakatoa michoro ya thamani, na mwaka 1959 jumba zima la Hardwick likaishia mikononi mwa shirika la kuhifadhi majengo ya kale. Mwaka 1949 Marquess wa Bath naye alikuwa amelifungua jumba lake la Longleat kwa watu wote, lipa kiingilio uingie utazame. Yaani kabaila anauza tiketi mlangoni kwake! Na mwaka 1999 sheria mpya iliwaondoa wengi wa malodi wa kurithi katika Baraza la Malodi, wakabakizwa 92.

Ndiyo maana katika riwaya hizi paa linavuja. Mliowahi kusoma mnajua. Lodi amevaa sweta lililotoboka kiwikoni, anatega ndoo chini ya tone la mvua, anahesabu kama arusi tatu zitakazokodi bustani yake mwezi huu zitatosha kulipa fundi. Anaheshimiwa na kijiji kizima, lakini hana uwezo wa kumlazimisha mtu hata mmoja kufanya jambo lolote. Kwangu mimi, hapo ndipo siri ya vitabu hivi ilipo.

Ili mnielewe nawapeleka nyuma kidogo. Mwaka 1740 Samuel Richardson alichapisha riwaya iitwayo Pamela. Ni ya msichana mtumishi wa miaka kumi na mitano ambaye bwana mwenye nyumba anamtaka. Bwana anamvizia, anazuia barua zake, anamfungia kwenye nyumba ya mbali. Msichana anakataa, anakataa, mpaka bwana anabadilika na kumuoa, na kitabu kinatuambia kwamba hiyo ndoa ndiyo zawadi ya wema wake. Kilikuwa na wasomaji wengi mno enzi zake. Hadithi ile nayo ni ya taratibu, kurasa ni nyingi kweli kweli, lakini mimi siwezi kuyaita mapenzi ya makaa. Ule ni mji uliozingirwa na jeshi. Mtu aliyefungiwa mlango, akisema ndiyo, ile ndiyo yake unaipima kwa mizani gani?

Sasa ruka miaka karibu mia mbili, mpaka kwa Dorothy L. Sayers. Huyu mama aliandika hadithi za upelelezi, si riwaya za mapenzi, lakini ndani ya hadithi zake kuna mapenzi ya makaa ambayo mimi sijaona mfano wake. Mpelelezi wake ni Lord Peter Wimsey, mdogo wake Duke wa Denver, tajiri, msomi, mwenye maneno mengi. Katika Strong Poison ya mwaka 1930, Lord Peter anakwenda mahakamani na kumwona Harriet Vane, mwandishi wa vitabu anayeshitakiwa kumuua kwa sumu mwanaume aliyekuwa akiishi naye. Lord Peter anaamini hana hatia. Anakwenda gerezani kumwambia hivyo, na hapo hapo anamwomba amuoe! Kisha anafanya upelelezi, anampata muuaji wa kweli, Harriet anaokoka kitanzi.

Katika vitabu vingine hadithi ingeishia hapo. Kaokolewa, kaolewa, mwisho. Harriet anakataa. Lord Peter anaendelea kumwomba katika Have His Carcase ya mwaka 1932, naye anaendelea kukataa. Kwa nini? Si kwamba hampendi. Anakataa kwa sababu huyu bwana ana cheo, ana mali, na juu ya hayo amemwokoa uhai. Shukrani ya namna hiyo ni mzigo. Akisema ndiyo leo, atajuaje kama ni mapenzi au ni kulipa deni? Na atakaaje ndani ya nyumba ya mtu ambaye kila asubuhi anamdai maisha yake?

Jibu linakuja katika Gaudy Night ya mwaka 1935, inayotokea kwenye chuo cha wanawake huko Oxford ambacho Sayers alikibuni. Sayers aliijua Oxford vizuri. Chuo kikuu kile kilianza kuwapa wanawake digrii mwaka 1920, naye alikuwa miongoni mwa wa kwanza kabisa kuzipokea. Ndani ya kitabu kuna mtu anawatisha wasomi wa chuo, na Harriet ndiye anayechunguza. Hatari inapokua, tunasubiri Lord Peter afanye kama wanaume wa vitabuni: amwambie ondoka hapa, niachie mimi. Hafanyi hivyo. Anamnunulia ukosi wa mbwa wa ngozi ngumu, auvae shingoni asije akanyongwa, kisha anamwacha aendelee na kazi yake. Anaogopa, lakini hamkatazi. Hapo ndipo Harriet anaanza kumwona mtu badala ya mfadhili. Mwisho wa kitabu Lord Peter anamwomba kwa mara nyingine, safari hii kwa Kilatini, kwa maneno ya mikutano ya chuo kikuu, akimwita kwa cheo chake cha usomi. Msomi anamwomba msomi mwenzake. Na Harriet anakubali.

Miaka mitano, vitabu vitatu. Sasa nawauliza wale wanaosema hadithi hizi zinachelewa bure: muda ule ulikuwa wa bure? Kila mwezi wa kungoja ulikuwa unapunguza kitu. Deni lilikuwa linapungua, majivuno yalikuwa yanapungua, mpaka wakafika mahali wanatazamana macho kwa macho. Kwangu mimi hicho ndicho kiini cha mapenzi ya makaa na kabaila. Mwenye cheo anajifunza kuomba kama watu wengine wanavyoomba, na asiye na cheo anapewa muda wa kutosha wa kusema "bado".

Waandishi wa siku hizi wanahitaji kabaila kuliko Sayers alivyomhitaji. Fikirini ni vizuizi gani vimebaki kwa wapenzi wa London au New York leo. Wazazi hawana kura. Umbali umemalizwa na ndege. Watu wakipendana Jumatatu, Ijumaa wanaishi pamoja. Mwandishi anayetaka kurasa mia nne za kungoja atazitoa wapi? Wengi wanakimbilia kizuizi cha uongo, kile cha kutoelewana: dada kamwona kaka anamkumbatia msichana mwingine, kumbe ni dada yake wa tumbo moja! Nikifika hapo mimi nafunga kitabu. Cheo ni kizuizi cha kweli. Hukifuti kwa kupiga simu moja na kuelezana.

Chukueni The Royal We ya Heather Cocks na Jessica Morgan, iliyotoka mwaka 2015. Msichana wa Marekani, Bex, anakwenda kusoma Oxford na anaishi jengo moja na mwanamfalme Nicholas, ambaye siku moja atakuwa mfalme wa Uingereza. Wanaanza kwa urafiki, wanakesha wakitazama tamthilia ya ovyo kwenye televisheni. Hamhitaji kuwa wapelelezi kujua wazo lilitoka wapi. William na Kate wa kweli walikutana chuo kikuu cha St Andrews mwaka 2001 wakaoana Aprili 2011. Miaka kumi! Na katika miaka hiyo magazeti ya kwao yalimkejeli yule dada kwamba kazi yake ni kungoja posa. Riwaya inaigeuza kejeli hiyo. Inatuonyesha kwamba katika kungoja huko Bex naye anapima: je, mimi nataka maisha haya ya kupigwa picha hata nikienda dukani? Wote wawili wako kwenye usaili.

Au mchukueni Alyssa Cole, mwandishi Mmarekani mweusi. Mwaka 2018 alitoa riwaya mbili za mfululizo mmoja. Ya kwanza, A Princess in Theory, inaanza kwa kichekesho kitakachowafurahisha Waafrika wote. Naledi, yatima anayesomea magonjwa ya mlipuko New York, anapata baruapepe zinazodai kwamba amechumbiwa na mwanamfalme wa nchi moja ya Afrika (nchi ya kubuni, inaitwa Thesolo). Anafanya ambacho mimi na wewe tungefanya: anazifuta! Nani hajawahi kupata baruapepe ya mwanamfalme wa Afrika? Kumbe safari hii ni kweli. Mwanamfalme Thabiso anakuja mwenyewe, anadhaniwa kuwa mtu mwingine, naye ananyamaza. Hiyo si ya taratibu sana, nakiri. Lakini angalieni kinachomponza: anakula mapenzi ya mtu aliyemficha cheo chake, na Naledi akijua, anakasirika. Anamkasirikia kwa haki kabisa, kwa sababu ndiyo yake ilitolewa bila kuonyeshwa hesabu zote.

Ya pili, A Duke by Default, ndiyo ya makaa hasa. Portia anatoka Marekani kwenda Edinburgh kujifunza ufundi wa kutengeneza panga. Mwalimu wake, Tavish, ni mtu wa kununa. Anavutiwa naye lakini anajizuia, kwa sababu yeye ndiye bosi na yule dada ni mwanafunzi wake. Katikati ya kitabu inagundulika kwamba huyu fundi, ambaye mama yake ni wa kutoka Chile, ni mtoto wa duke. Sasa aliyekuwa akichoma chuma kwa mikono yake anatakiwa kujifunza kushika kikombe cha chai kikabaila, na anayejua mambo ya watu wakubwa ni Portia. Mwalimu kawa mwanafunzi! Mizani inapinduka mara mbili ndani ya kitabu kimoja, na kila ikipinduka lazima waanze upya kuulizana.

Haya, mzee wangu, sasa nakuja kwetu.

Shuleni kwetu vitabu hivi vilikuwa vinapita chini ya magodoro. Kitabu kimoja, wasichana arobaini, foleni inaandikwa nyuma ya daftari la hesabu. Jalada lilikuwa limeshatoka zamani, mwanzo tulikuwa tunasimuliana kwa mdomo. Matroni akikikamata anakichoma. Sababu yake ilikuwa kwamba vitabu vile vitatufundisha kukimbilia wanaume. Mimi nasema vilitufundisha kinyume chake. Vilikuwa ndiyo mahali pekee nilipoona msichana anatakwa na mtu mkubwa, mwenye jina, mwenye nyumba, na msichana huyo anasema "bado", na dunia haianguki. Mtu mkubwa anakwenda zake, anafikiri, anarudi akiwa na adabu zaidi.

Hebu linganisheni na tunayoyasikia majumbani mwetu. Akija mtu mwenye kazi nzuri na gari, mashangazi wanauliza kitu kimoja tu: unangoja nini? Nina rafiki ambaye alipewa wiki tatu. Wiki tatu! Bwana ana cheo serikalini, barua imeshakuja, mjomba ameshahesabu mahari kichwani, na yeye anaomba muda tu, hasemi hapana. Akaambiwa ana maringo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini mwanaume wa cheo kile hawezi kusubiri mpaka mwisho wa mwaka. Ukiwa na msichana wa namna hiyo mbele yako, hadithi ya Harriet aliyesubiriwa miaka mitano si upuuzi. Ni mfano wa kumwekea mezani na kumwambia: mtu anayekutaka kweli anaweza kungoja, na akishindwa kungoja, amekusaidia kujua.

Kuna watakaosema vitabu hivi vinawadanganya wasichana, watakaa wakimngoja lodi ambaye hatakuja. Jamani, tusidharauliane. Kaka zetu walikua wakitazama Rambo. Mmewahi kuwaona wakienda posta na bunduki ya rashasha? Hakuna msichana wa Mbagala anayemngoja Duke wa Devonshire kituoni. Anachukua anachokihitaji, yaani namna ya kuombwa, na ngome anaiacha Uingereza.

Lakini, mzee wangu, kuna mahali uko sahihi, na hapo nasimama upande wako.

Nyumba ile ya vyumba mia ilijengwa na nani? Vitabu vingi vya aina hii vinatupitisha kwenye ngazi za mawe na maktaba, vinatuonyesha picha za mababu, na havisemi hata mstari mmoja pesa zilitoka wapi. Harewood, kule Yorkshire, ni moja ya majumba mazuri kabisa ya Uingereza. Lilijengwa kuanzia mwaka 1759 na familia ya Lascelles, ambayo utajiri wake ulitokana na biashara ya visiwa vya Karibi, sukari na watumwa. Bunge la Uingereza lilipopitisha sheria ya kukomesha utumwa katika makoloni mwaka 1833, zilitengwa pauni milioni 20 za fidia, na zilikwenda kwa waliomiliki watu. Waliomilikiwa hawakupata hata senti. Mwaka 2023 Earl wa Harewood mwenyewe, David Lascelles, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kikundi cha wazao wa familia zilizofaidika na utumwa, wanaotaka jambo hili lisemwe wazi. Kama lodi wa kweli anaweza kulisema, lodi wa kitabuni anashindwa nini?

Na sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kwenda Yorkshire. Malodi tuliwaona. Mwaka 1903 Lord Delamere alipewa ekari 100,000 kule Njoro, Kenya, na Wamaasai wa Bonde la Ufa wakahamishwa kwa mikataba ya mwaka 1904 na 1911 kupisha walowezi. Kuhusu mapenzi ya makabaila wale wa Kenya, ulevi wao na kuibiana wake, vimeandikwa vitabu na kutengenezwa filamu. Wachungaji waliohamishwa wakabaki kuwa mandhari. Hapo mzee una haki ya kukunja uso, na mimi nakunja pamoja nawe. Naipenda aina hii ya hadithi, na kwa sababu naipenda naidai zaidi. Kitabu kinachoweza kumfundisha mwenye cheo kumwomba mwanamke kwa adabu, kiweze pia kumfanya alifungue daftari la hesabu za babu yake mbele ya huyo mwanamke kabla hajamwomba aishi humo ndani. Kufichwa cheo kulimuudhi Naledi. Kufichwa hesabu kutuudhi sisi.

Namalizia na ombi, na linawahusu waandishi wa Kiswahili mnaopita hapa. Hadithi za mapenzi kwenye magazeti yetu pendwa zinakwenda mbio mno. Toleo la kwanza wanakutana, la pili wanapendana, la tatu mimba, la nne mganga! Na kumbe mali ghafi ya makaa tunayo hapa hapa. Nimesema machifu walifutiwa mamlaka mwaka 1963. Majina hayakufutwa. Wapo wajukuu wa wakama kule Bukoba na wa machifu wa kwingineko, wanaoitwa kwa heshima msibani, wanaopisha kiti na kupishwa, na ambao Jumatatu wanapanda daladala kama mimi. Uganda walizifuta falme mwaka 1967 wakazirudisha mwaka 1993, zikiwa za utamaduni, bila serikali. Cheo kimebaki, nguvu zimekwisha. Si ndiyo yale yale?

Niandikieni mjukuu wa chifu, mwalimu wa sekondari, ambaye wazee bado wanampigia magoti naye anaona aibu. Niandikieni nesi aliyehamishiwa zahanati ya kijiji chake, ambaye babu yake aliwahi kulipa kodi ya ng'ombe kwa babu wa yule mwalimu, na hajasahau. Waacheni wachukue miaka miwili kufika kwenye kikombe cha kwanza cha chai. Msimpe mimba, msimpeleke kwa mganga. Mimi nitakinunua kipya, kwa bei ya dukani, na nakala ya pili nitampelekea mzee wangu wa prufu.

Naomba kutoa hoja.